Mzee Kepueli Ajaza Fomu

Griffith, Australia
3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na nguruwe wako hawajavunja tena ua wa jirani. Sisi huku ni wazima. Saimone anakusalimu sana. Leo yuko zamu kiwandani, wanakamua zabibu usiku na mchana kwa kuwa msimu unaisha. Barua anakuletea Maikolo, ambaye mkataba wake wa kuchuma umekwisha na anarudi nyumbani visiwani. Mpe chai.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu jambo hili haliwezi kusemwa kwenye simu ya Jumapili. Mimi nikisema neno moja wewe unapiga kelele "Halo! Halo!" na kijiji kizima cha ʻUtulei kinasikia.

Baba, nina mimba. Ndiyo, mimi, nikiwa na miaka thelathini na tisa, tena watu walishaacha kuuliza. Daktari anasema mwisho wa Julai.

Sasa ombi. Kwetu binti akijifungua mama yake huja. Mama hayupo. Kwa hiyo nakuomba uje wewe. Najua watacheka: tangu lini mwanamume akavuka bahari kwenda kuogesha kichanga? Waache wacheke. Nataka mtoto asikie mtu wa kwetu akiimba ndani ya nyumba.

Maombi ya viza siku hizi hayafanywi kwa karatasi, ni kwa kompyuta tu. Nitumie pasipoti yako nami nitakujazia huku.

Wako akupendaye,
Binti yako, Luseane


ʻUtulei, Vavaʻu
21 Machi

Mwanangu Luseane,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu Saimone. Mimi sijambo, goti linalalamika lakini bado linanitii. Nguruwe wameingia kwa jirani mara moja tu tangu Krismasi, na ua ulikuwa umeoza.

Nimeisoma barua yako pale pale gatini, Maikolo hajatua hata sanduku. Nilipiga ukelele, yule kijana akadhani nimepokea habari ya msiba akaanza kuvua kofia. Nikamwambia, "Vaa kofia yako, mimi ni babu!" Watu wote wa gatini wakanipa mkono. Kisha nikakumbuka kwamba labda ilikuwa siri. Basi si siri tena.

Nitakuja. Hilo halina mjadala. Lakini habari ya wewe kunijazia fomu, hapana. Pasipoti yangu haisafiri bila mimi. Mwanangu, nimekaa na injini ya meli ya visiwani tangu nikiwa na nywele nyeusi, injini yenye ukaidi kuliko punda, na kila mara ilitufikisha. Nitashindwaje na visanduku vya kuandika jina? Ninayekwenda kwa mjukuu wangu ni mimi, na atakayebisha hodi ni mimi.

Nimejaribu kwa simu yangu. Kidole gumba changu kinafunika herufi tatu kwa pamoja. Nimeandika Kepueli ikatoka Krpyrki. Kompyuta ziko katika ukumbi wa kanisa pale Neiafu, lakini unajua mwenyewe ufunguo wa ukumbi anao nani. Kwa hiyo natafuta njia nyingine.

Kula vizuri. Usiinue kitu kizito kuliko kikombe.

Baba yako


Griffith
9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Je, hujambo? Huku baridi inaanza kubisha hodi. Tumbo limechomoza, na jana nilipokuwa nikiimba jikoni lilicheza. Nikanyamaza, likatulia. Nikaimba tena, likacheza. Saimone akaimba, halikucheza kabisa, na amenuna mpaka leo.

Njia nyingine ipi, Baba? Hakuna. Ufunguo anao Mama mdogo Seluvaia, na yeye ndiye anayefundisha watu kompyuta. Najua hamjasemezana tangu tulipomzika Mama. Yeye alitaka dada yake alazwe kwao Tuʻanekivale pamoja na wazazi wao, wewe ukamzika ʻUtulei. Nilikuwa katikati yenu siku ile, nikawaona nyote wawili mkilia mkiwa mmepeana migongo. Imekuwa miaka minne sasa. Kanisani mnaketi pande mbili kama magoli mawili ya uwanja wa mpira.

Sikuombi umpende. Nakuomba uende ukaketi kwenye kiti kilicho karibu naye, ujaze fomu. Idara ya viza inachukua muda kujibu, na huyu anayecheza hasubiri mtu.

Binti yako


[Barua pepe] 2 Mei

MWANANGU LUSEANE,

SALAMU. NATUMAINI MU WAZIMA. Samahani, Mama mdogo wako anasema nikiandika herufi kubwa zote ni kama napiga kelele. Haya, nimeshusha sauti.

Unaona? Hii ni barua yangu ya kwanza ya kompyuta. Nimeiandika kwa vidole viwili, na Seluvaia ameketi pembeni anajifanya hasomi.

Nitakusimulia tangu mwanzo. Nilikwenda Neiafu nikiwa nimevaa shati la kanisani. Nikasimama mlangoni pa ukumbi. Yeye alikuwa anafuta vumbi kwenye skrini, hakuinua hata kichwa. Miaka minne, Luseane, na neno lake la kwanza lilikuwa:

"Viatu nje, Shemeji."

Nikavua. Nikamwambia nina fomu. Akasema, "Nimesikia. Vavaʻu yote imesikia. Kaa."

Kwanza fomu ilitaka neno la siri. Likawa gumu: liwe na herufi kubwa, liwe na namba, liwe na alama. Nikafikiri, nikalipata, nikawa nalitamka kwa sauti nikiandika ili nisikosee. Ukumbini kulikuwa na wanakwaya wa kina mama. Wote wakalishika. Seluvaia akapiga meza, "Neno la SIRI, Shemeji! La siri!" Tukatunga jingine.

Kisha jina. Nikaandika Kepueli, sawa. Nikaandika Taʻufoʻou, kisanduku kikawa chekundu kama kimetukanwa. Nikaandika tena, chekundu.

"Toa kucha," Seluvaia akasema.

"Kucha zipi?"

"Hizo alama mbili ndogo ndani ya jina lako. Mashine haizitaki."

"Jina langu maana yake Mwaka Mpya. Nikitoa kucha maana yake ni nini?"

"Maana yake mtu mwenye viza."

"Baba yangu alizikwa na kucha zake zote mbili."

"Baba yako hakuwa anaomba viza. Toa, nasi huku tutaendelea kukuita sawasawa."

Nikatoa. Iliniuma, lakini nikatoa.

Nchi ninayotoka ilikuwa kwenye orodha ndefu. Nikaanza na Afghanistan, nikawa naisoma moja moja, maana sikujua dunia ina watu wengi hivi. Nilipofika Norwei nikamwuliza Seluvaia kama anamkumbuka yule baharia wa Norwei aliyeoza jino hapa, nikamsimulia, na tulipogeuka fomu ilikuwa imelala usingizi. Yote niliyoandika yamefutika. Seluvaia akanisogezea kibodi tena. Nikaanza upya, mdomo nimefunga.

Mwisho kabisa ikaniuliza kama mimi ni roboti. Nikacheka. Lakini haikutosha kusema siyo, ikaleta vipicha ikasema chagua vyenye taa za barabarani zinazoongoza magari. Luseane, Vavaʻu ina taa gani? Nikachagua mnara wa kanisa, nikachagua nguzo ya umeme, ikanikataa. Mashine ikashawishika kwamba mimi ni roboti. Seluvaia akachukua kile kipanya mkononi mwangu, akabofya tatu upesi upesi, akanirudishia.

"Sasa tuma wewe mwenyewe," akasema. "Ni safari yako."

Nikatuma. Imekwenda! Wanakwaya wakapiga makofi na kuimba ubeti mzima. Seluvaia aliimba pia, ila alikuwa anatazama dirishani.

Baba yako


[Barua pepe] 4 Mei

Baba, Baba, Baba!

Shikamoo. Nimesoma barua yako kazini, nimecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama uchungu umeanza. Saimone ameichapa akaibandika kwenye jokofu. Wenzetu wa kanisani kila wakija wanaulizana, "Wewe ni roboti?"

Nimejivunia wewe. Sasa pumzika usubiri jibu. Na umshukuru Mama mdogo kwa niaba yangu. Au kwa niaba yako, ukipenda.

Hapa mambo ni mazuri. Mtoto sasa anacheza hata Saimone akiimba, pamoja na ubovu wa sauti yake.

Binti yako


[Barua pepe] 19 Mei

Luseane mwanangu,

Salamu. U hali gani, na mgongo? Mimi sijambo kimwili, lakini jina langu limechafuka kisiwani, nami nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa wengine.

Idara ya viza imeniandikia. Nilikimbia Neiafu na goti langu hili. Seluvaia akaifungua barua, akaisoma kimya, akaisoma tena, kisha akaweka mkono mdomoni. Nikajua wamenikataa.

"Nisomee," nikasema. "Mimi ni mtu mzima."

Akasoma: "Ndugu mwombaji, tunaomba cheti cha daktari kinachothibitisha hali ya ujauzito wako na tarehe unayotarajia kujifungua."

Kumbe kulikuwa na swali kama kuna ujauzito. Siku ile Seluvaia alikuwa ametoka kwenda kugonga kengele ya ibada, nami sikutaka kumngoja. Nikafikiri: mimba ipo, ndiyo sababu ya safari yote hii, nami ni Mkristo, nitaifichaje? Nikatia alama NDIYO. Ikauliza tarehe, nikaandika 28 Julai.

Seluvaia alianza kucheka kidogo kidogo kama birika linalokaribia kuchemka. Halafu akalipuka. Akateleza kutoka kitini, akaketi sakafuni, machozi yanamtiririka, anajaribu kusema "Shemeji" na haifiki mwisho. Nikamkasirikia. Kisha nikaangalia skrini tena, nikaona pale juu nimeandika jinsia: mume, hali: mgane, umri: sitini na minane, na chini: mjamzito. Mwanangu, nilikaa sakafuni na mimi. Tulicheka mpaka mchungaji akaja kuona nani amekufa.

Yeye ndiye aliyenisaidia kuandika maelezo, lakini maneno ni yangu. Nakunakilia:

"Kwa Idara. Mimi ni mwanamume na sina mimba. Mwenye mimba ni binti yangu. Fomu iliuliza nami sikutaka kuficha kitu. Naomba radhi kwa usumbufu. Tarehe niliyoandika ni ya kweli, naomba msiifute."

Sasa nikienda kunywa kava na wenzangu, wananiinukia. "Mpisheni mzazi aketi! Mzee, miguu haijavimba? Leo unatamani nini, embe bichi?" Jana mtu ameniletea mto wa kuegemea. Nani aliitoa habari hii ukumbini? Mama mdogo wako anaapa si yeye, lakini huapa akiwa amefumba jicho moja.

Baba yako (asiye na mimba)


[Barua pepe] 1 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua hii ni fupi. Ile yako ilinichekesha siku nzima, nami nilikuwa nahitaji kicheko.

Presha yangu imepanda. Daktari amesema nisifanye kazi, nisisimame, nilale tu mpaka siku zifike. Saimone hana ruhusa kazini zaidi ya siku chache. Mchana nalala peke yangu nikihesabu nyufa za dari.

Baba, hii ni mimba ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika mwisho, wala sikuwaambia, kwa kuwa sikujua niseme nini. Ndiyo maana sauti yangu katika barua ilikuwa ya furaha kubwa namna ile. Na ndiyo maana sasa naogopa.

Niombeeni.

Binti yako


[Barua pepe] 3 Juni

Mwanangu mpenzi,

Tumekuombea. Kengele imegongwa, kanisa lilijaa katikati ya juma. Ulipokuwa mdogo ukiumwa, mama yako alikuwa anakuwekea mkono kichwani bila kusema neno, na mimi nilikuwa nakaa mlangoni. Leo niko mbali hata na mlango. Lakini sikukaa bure.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Seluvaia. Alipoisikia alisimama, akaketi, akasimama tena. Akaanza kuniuliza mambo ambayo mimi siyajui: uso umevimba? anaona vimulimuli? Nikamtazama. Huyu mwanamke amekuwa mkunga tangu akiwa msichana, nusu ya watu wa Vavaʻu walipofungua macho mara ya kwanza walimwona yeye. Wewe mwenyewe alikupokea yeye. Na mimi nimekazana kujaza fomu ili nije kukuimbia!

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikamwambia, "Lete pasipoti yako."

"Ya nini?"

"Unakwenda Griffith."

"Sikualikwa mimi. Aliyealikwa ni wewe."

"Mimi ndiye ninayekualika. Tarehe ya kuzaliwa?"

Akasema, "Andika nina hamsini na tisa."

"Pasipoti inasema sitini na tatu."

"Pasipoti haina adabu."

Basi nikajua atakwenda. Nikajaza mimi mwenyewe. Swali la mimba nililisoma mara tatu. Tulipofika mahali pa uhusiano na mwenyeji, kulikuwa na orodha: mke, mume, mzazi, mtoto, ndugu, rafiki, mwingine. Nikachagua mzazi. Akanishika mkono, "Shemeji, tutafungwa! Mimi sikumzaa." Nikarudi nikachagua mwingine, kikafunguka kisanduku cha maelezo, nikaandika: "Ni mdogo wa mama yake. Kwetu huyo ni mama. Mama aliyemzaa amefariki, aliyebaki ni huyu."

Akasoma. Akasema anatoka kufukuza kuku walioingia uani. Alikaa huko muda mrefu. Hakukuwa na kuku.

Tumetuma, pamoja na cheti cha daktari wako alichotuma Saimone. Lala, mwanangu. Acha nyufa, hesabu baraka.

Baba yako


[Barua pepe] 23 Juni

Luseane,

Salamu. Umeshasikia kwa Saimone, lakini niseme kwa mdomo wangu: viza ya Mama mdogo wako imetoka. Yangu bado, wanasema inaangaliwa.

Nilicheka na kupongeza. Ila moyoni, mwanangu, nilikuwa kama abiria aliyeachwa gatini anapunga mkono. Yeye aliliona. Akasema haendi, atanisubiri. Nikamwambia, "Seluvaia, mtoto hajui kusubiri viza. Nenda." Nikambebea mikeka yake mpaka uwanja wa ndege. Kabla hajaingia akanipa ufunguo wa ukumbi.

"Usiwafundishe watu kujaza swali la mimba," akasema.

Atafika kwako Jumanne. Mtii kwa kila kitu, hata akikukanda kwa nguvu.

Mimi sasa ndiye mwalimu! Asubuhi nafungua, nawaambia watu viatu nje. Amekuja mzee Tomasi anayetaka kuomba pensheni yake, amekuja mama anayemwandikisha bintiye chuo cha uuguzi. Namwambia kila mmoja: toa kucha za jina, utakuja kuzichukua ukitoka.

Baba yako


[Barua pepe] 17 Julai

BABA!!!

Safari hii ninapiga kelele makusudi.

Amezaliwa. Msichana. Amekuja kabla ya siku zake lakini analia kama king'ora cha bandari. Mimi ni mzima. Presha imeshuka. Saimone amelia zaidi ya mtoto.

Mama mdogo alikuwa ndani nami muda wote. Alinishika mgongo, na maumivu yalipozidi aliniambia, "Simulia fomu ya baba yako." Nikawa nasimulia baina ya uchungu na uchungu, wauguzi wa hapa hawajui lugha yetu lakini wakawa wanacheka kwa vile sisi tunavyocheka. Mtoto alipotoka, Mama mdogo alimpokea kutoka kwa daktari, akamtazama, akasahau hata kunipa. Yeye, aliyepokea watoto wasiohesabika!

Leo dada yake Saimone amepiga simu kutoka Tongatapu. Kwetu haki ya kumpa mtoto jina ni ya shangazi yake, nasi tulikuwa tunangoja kama wafungwa. Akasema: Ilaisaane. Jina la Mama. Hatukumwomba, Baba, amelichagua mwenyewe. Mama mdogo alikwenda kufukuza kuku tena.

Tunakusubiri wewe tu.

Binti yako, na mjukuu wako


[Barua pepe] 2 Agosti

Mwanangu,

IMETOKA! Nilikuwa namjazia mzee Tomasi ukurasa wake wa mwisho wa pensheni, nikaona barua imeingia, nikaifungua. Nikaruka na goti langu hili. Kiwiko kikagonga kibodi, pensheni ya mzee Tomasi ikafutika yote. Akanitazama, akasema, "Nenda kaimbe kwanza, mimi nipo." Nikaimba. Kisha tukarudia yake tangu mwanzo mpaka mwisho, maana huwezi kumwacha mtu katikati.

Chini ya barua yao mtu wa idara ameongeza mstari mmoja: "Hongera kwa mjukuu." Nimeuchapa huo, nimeuweka ndani ya Biblia.

Naondoka Alhamisi. Ufunguo nimemwachia yule mama wa chuo cha uuguzi, ana mkono mwepesi kuliko wangu. Wenzangu wa kava wameniaga kwa nyimbo na ule mto wa kuegemea.

Usinijibu. Nakuja.

Babu yake Ilaisaane


[Barua pepe] 17 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mmefika salama? Goti limeivumiliaje ndege? Mama mdogo hajambo?

Nyumba imenyamaza mno. Miezi hii mitatu sikuwa na mtu wa kumwandikia barua, maana mlikuwa mnagombana jikoni kwangu kila asubuhi nani amwogeshe mtoto. Nimewakumbuka nyote kwa makelele yenu.

Nakumbuka siku uliyofika. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa na shada la maua, na hotuba nimeitunga. Ukatoka na mkeka wako wa heshima umeufunga kiunoni, ukanipita mimi, ukampita Saimone, ukaenda moja kwa moja kwa Mama mdogo aliyembeba mtoto. Ukasema, "Shemeji, lete." Akasema, "Nawa mikono kwanza." Abiria wote wa ndege yako wamesimama nyuma, na wewe unatafuta bomba.

Asubuhi Ilaisaane akiamka anageuza kichwa kwenye mlango ule uliokuwa ukiingilia ukiimba. Saimone anaingia badala yako, anaimba wimbo ule ule. Mtoto anamtazama, anamvumilia. Ana moyo mwema.

Binti yako


ʻUtulei, Vavaʻu
30 Novemba

Mwanangu Luseane,

Salamu kwenu watatu. Tumefika salama. Goti limevimba, lakini wenzangu wamelipokea kwa heshima zote za mzazi aliyetoka kujifungua.

Barua hii nimeandika kwa kalamu. Ukumbini kuna foleni, yule mama wa ufunguo amekuwa mkali, na hata mimi ananiambia viatu nje.

Nataka kukwambia habari ya jana. Tulipokuwa kwenye ndege, Seluvaia aliniuliza, "Kaburi la dada yangu lina mchanga mzuri?" Nikamwambia, "Mweupe, lakini umepungua."

Jana baada ya ibada nikamwona anakuja kwa miguu njia ya ʻUtulei, amebeba ndoo ya mchanga wa pwani ya kwao Tuʻanekivale. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga hapa. Nikampokea ndoo. Tukapalilia pamoja, tukamwaga mchanga wake juu ya mchanga wetu, akausawazisha kwa viganja. Mimi nilidhani nitasema kitu, kuhusu siku ile, kuhusu mambo yote. Yeye akaniambia, "Nyamaza, Kepueli. Nina habari za kumpa dada yangu." Hajawahi kuniita jina langu, miaka yote hii.

Akaketi chini, akakunja miguu, akaanza. "Ilaisaane, somo wako amezaliwa." Akamweleza nywele, jinsi zilivyo nyingi nyuma na chache mbele. Akamweleza paji la uso. Nyusi akazieleza moja moja. Masikio, kwamba la kushoto limejikunja kama la kwako ulipozaliwa. Anavyopiga chafya. Anavyokasirika akiogeshwa na mimi na anavyotulia akiogeshwa na yeye, jambo ambalo si kweli, lakini sikumkatiza.

Jua likaelekea kuzama, mbu wakaanza. Nikasimama, nikamwambia, "Shemeji, twende, chakula kinapoa."

"Twende wapi?" akasema. "Nimefika kitovuni tu."

Basi nikaketi tena.

Baba yako